Mhadhara wa Awali katika Elimu ya Kuchagua Gari Dogo

Hachibaki ni gari dogo lisilo na buti la kujitenga: mlango wa nyuma huinuliwa pamoja na kioo chake, na mzigo hukaa chumba kimoja na abiria. Krosova ndogo ni gari la namna hiyohiyo lililoinuliwa, likanenepeshwa, kisha likavishwa plastiki nyeusi juu ya matairi ili lionekane limetoka porini. Kati ya viumbe hivi viwili ndipo ilipozaliwa Elimu ya Kuchagua Gari Dogo, taaluma yenye mabingwa tele vijiweni, ingawa mwenye haki ya kuitolea mhadhara ni mmoja tu, naye ndiye anayeutoa. Bingwa huyo hamiliki gari lolote. Huo si upungufu bali ni sharti la kitaaluma, kwa kuwa mwenye IST hawezi kuisema vibaya IST, na mwenye X-Trail hawezi kusema lolote mpaka amalize mkopo.

Historia ya viumbe hivi ni fupi. Mwaka 1994 Toyota ilitoa RAV4, ikaiunda kwa viungo vya Corolla na Carina badala ya kuipa chesisi nzito ya Land Cruiser. Honda ikafuata na CR-V mwaka 1995, Subaru na Forester mwaka 1997, Nissan na X-Trail mwaka 2000. Upande wa pili, Mazda Demio ilianza mwaka 1996, Toyota Vitz 1999, Honda Fit 2001, na mwaka 2002 ikaja Toyota IST, hachibaki iliyotunisha kifua hadi wengi wakaidhania krosova. Dhana hiyo haikuwa ya kijinga. IST ya toleo la pili, la mwaka 2007, Wajapani waliiuza kama hachibaki; ilipofika Ulaya ikapewa jina la Urban Cruiser na kupangwa miongoni mwa krosova. Chuma kilekile, bandari nyingine, kabila jingine. Mwanafunzi makini ataona hapa kwamba mpaka kati ya makundi haya ulichorwa na watu wa mauzo kuliko wahandisi, ataliandika hilo, na ataendelea kusikiliza.

Jambo la kwanza kitaaluma ni kodi, kwa sababu sehemu kubwa ya magari haya hufika Dar es Salaam yakiwa yametumika Japani, na hapo bandarini ndipo mapenzi hujaribiwa. Kwa viwango vilivyozoeleka Tanzania, ushuru wa forodha ni asilimia 25 ya thamani ya gari pamoja na usafiri na bima. Juu yake kuna ushuru wa bidhaa unaofuata ukubwa wa injini: chini ya cc 1000 hakuna, kati ya cc 1000 na 2000 ni asilimia 5, zaidi ya hapo ni asilimia 10. Kisha gari huadhibiwa kwa uzee wake, asilimia 15 likiwa na miaka minane hadi kumi na asilimia 30 likivuka kumi. Mwisho huja VAT ya asilimia 18, inayotozwa juu ya mkusanyiko wote huo, yaani kodi inalipiwa kodi. Toyota Passo ya cc 996 hupita kifua mbele kwenye ngazi ya injini. IST ya cc 1496 na X-Trail ya cc 1998 husimama mstari mmoja wa asilimia 5, na hapo mnunuzi hujidanganya kwamba tofauti yao ni ndogo. Asilimia ni ileile, lakini inatozwa kwenye thamani kubwa zaidi; na TRA, mamlaka ya mapato, ina kikokotoo chake chenye thamani zake, kwa hiyo risiti ya bei ya chini iliyopikwa na rafiki wa Osaka haisaidii kitu. Harrier ya cc 2400, ile ambayo mitaani imepewa jina la sehemu fulani ya nyani, huangukia kwenye asilimia 10 na kwa hiyo hutoka nje ya mhadhara huu, tena kwa heshima zote. Kenya hairuhusu gari lililotumika kuingia likiwa na zaidi ya miaka minane, kwa hiyo ubishi wa huko ni wa magari mapya kidogo, ingawa kelele ni zilezile.

Baada ya kodi hufuata kimo, na kimo ndicho roho ya somo. Vitz ina nafasi ya sentimita 15 hivi kati ya ardhi na tumbo lake. X-Trail ina kama 20. Kwa maneno mengine, mnunuzi anaombwa aongeze mamilioni ya shilingi kwa ajili ya upana wa vidole vitatu. Taaluma haidharau vidole vitatu. Inauliza tu vinahitajika wapi. Havihitajiki barabara ya Bagamoyo wala ya Morogoro. Vinahitajika pale lami inapoisha, kwenye kilomita ya mwisho ya Goba, Madale, Kivule au Chanika, ambako greda hupita mwaka wa uchaguzi na masika hupita kila mwaka. Huko kuna makorongo, kuna mawe yaliyopandwa na wananchi wenyewe, na kuna matuta yaliyojengwa kwa sepetu na hasira baada ya bodaboda kumgonga mbuzi.

Hata hivyo, kimo peke yake ni nusu ya hesabu. Gari hukwama juu ya tuta kwa sababu ya umbali kati ya tairi za mbele na za nyuma pia: kadiri umbali huo ulivyo mrefu, ndivyo tumbo linavyolalia tuta. Vitz ya kwanza ina mita 2.37, X-Trail ya kwanza ina mita 2.625. Ndiyo maana Vitz yenye watu wawili huweza kuvuka kwa unyenyekevu mahali ambapo krosova yenye watu saba, gunia la mkaa na shokapu zilizochoka hukwaruza hadi mtaa mzima ukasikia. Vidole vitatu huliwa na mzigo. Wenye hachibaki nao wana dawa yao, spesa, ambayo fundi huichomeka juu ya springi na kuliinua gari ndani ya saa chache. Gari huinuka kweli. Mishafti inayozungusha tairi za mbele nayo hubaki ikifanya kazi kwa pembe ambayo mhandisi wa Japani hakuikusudia, mipira yake huchanika, na mteja hurudi kwa fundi yuleyule, ambaye hashangai.

Kosa kubwa la kitaaluma, linalotendwa na watu wenye shahada, ni kuamini kwamba kila krosova huvuta kwa tairi nne. Nyingi zinazoingia nchini huvuta kwa tairi mbili za mbele, sawasawa na Vitz. RAV4 ya toleo la pili yenye injini ya cc 1800 ni mfano mzuri. Kwenye mfinyanzi uliolowa, gari la namna hiyo ni hachibaki iliyovaa viatu virefu. Mnunuzi husoma nembo nyuma ya gari, fundi mwenye akili huinama kutazama kama kuna shafti ndefu na difu ya nyuma. Hata zile za tairi nne kweli, kwa kawaida huendeshwa na tairi za mbele, na za nyuma huitwa msaada pale za mbele zinapoteleza. X-Trail ina swichi ya kuchagua 2WD, AUTO na LOCK, kitu cha manufaa sana ambacho wamiliki wengi hawajawahi kukigusa tangu gari litoke yadi. Kiungo kinachogawa nguvu hupata moto kikihangaika muda mrefu kwenye matope au mchanga, na hakuna gia ya nguvu ya kupandia mlima kama kwenye Land Cruiser. Anayefanya safari za msituni anahitaji mhadhara mwingine. Na tairi vipara hushinda teknolojia zote hizi.

Kuhusu maji ya Jangwani, taaluma ni kali. Bonde la Msimbazi likifurika, tofauti kati ya hachibaki na krosova ni tofauti ya mahali gari litakapookotwa. Maji yanayotiririka kwa kina cha sentimita 60 yanaweza kuburuta magari mengi, krosova zikiwamo. Injini ikivuta maji badala ya hewa, pistoni hukutana na kitu kisichobanika, na vyuma vinavyozishikilia hupinda.

Mafuta hayahitaji ubishi mrefu. Kwenye foleni ya Mwenge au Tabata kinachokula petroli ni uzito, kwa kuwa kila gari la mbele likisogea hatua mbili, chuma chote kinapaswa kusukumwa upya. Hachibaki ina tani moja hivi, krosova hukaribia tani moja na nusu. Safari ya Moshi inaleta adui mwingine, hewa, ambayo upinzani wake huongezeka kwa kipeo cha pili cha mwendo na hupenda sana kifua kipana. Krosova hupoteza mara zote mbili. Faida yake njiani ni kwamba dereva huona mbali, ikiwa ni pamoja na askari mwenye tochi kabla ya kibao cha 50. Hasara yake ni kwamba uzito ulioinuliwa juu hulifanya gari liwe jepesi zaidi kupinduka dereva akikata kona ghafla.

Vipuri huamuliwa Gerezani, Kariakoo, si kwenye vipeperushi. Injini ya 1NZ-FE imefungwa kwenye IST, Vitz, Raum, Probox, Ractis na ndugu wengine wengi, kwa hiyo kipuri chake hakikosi duka la pili wala bei ya tatu. Tairi ya Vitz ya 165/70R14 na ile ya X-Trail ya 215/65R16 hazilingani bei hata siku ya ofa. Krosova zenye gia boksi ya CVT hudai mafuta yake maalumu, na fundi anayemwaga mafuta yoyote ya gia mradi ni mekundu huanzisha msiba wa taratibu. Lakini umaarufu nao una kodi: saitimira ya gari lililojaa mjini huuzika haraka, na ndiyo sababu wamiliki huchora namba za usajili kwenye vioo na taa, kisha bado wakaziona taa hizo zikiuzwa.

Haki itendeke kwa magoti. Kiti cha krosova kiko usawa wa nyonga, na bibi wa miaka sabini huketi bila kuinama na kushuka bila kuvutwa na wajukuu wawili. Kwa mama mjamzito ni vivyo hivyo. Gunia la mchele la kilo 50, kwa upande wake, linaipenda hachibaki, ambayo sakafu yake iko chini. Honda Fit hasa, kwa kuwa tangi lake la mafuta limewekwa chini ya viti vya mbele, hulaza viti vya nyuma na kupata sakafu ya kutosha kreti za soda za shughuli nzima.

Sasa mhadhara unafika kwenye tawi zito kuliko yote, ambalo vitabu vya kiufundi hulikwepa: Nadharia ya Geti. Mwenye hachibaki akifika getini huulizwa anakwenda kwa nani. Mwenye krosova hufunguliwa kwanza, akaulizwa baadaye, au asiulizwe kabisa. Kijana wa maegesho humwita wa kwanza “kaka” na wa pili “bosi”. Ukweni hakuna haja ya maelezo. Mwenye gari huiita hali hii heshima, ilhali kitaaluma ni ankara. Kamati ya harusi ikimwona ameshuka kwenye RAV4, kiwango cha mchango wake hupanda kabla hajaketi. Muuza nyanya huliona gari, ndipo akumbuke bei. Ukitokea msiba Songea, jina lake liko kwenye orodha ya usafiri kabla hajapigiwa simu, pamoja na majina ya abiria wake watano. Hakuna kikokotoo cha TRA kinachoonyesha gharama hizi. Nadharia hupata mtihani mmoja tu, namba za usajili: Passo yenye namba E, ya usajili wa karibuni, ikisimama kando ya RAV4 yenye namba B, ya zamani, geti lifunguliwe kwa nani kwanza? Wataalamu wote wa fani hii, kwa idadi iliyotajwa mwanzoni, bado hawajaafikiana.

Hukumu, basi, ni hii. Familia ya watu wanne inayokaa kando ya lami, au kwenye changarawe inayopitisha maji vizuri, inunue hachibaki ya cc 1300 hadi 1500, na fedha inayobaki iende kwenye tairi mpya, shokapu na bima kubwa. Anayepanda mlima wa mfinyanzi kila jioni, anayebeba wazee, au anayekwenda mkoani wakati wa masika, anunue krosova isiyozidi cc 2000 ambayo fundi ameinama akaiona difu ya nyuma kwa macho yake. Anayetaka geti anunue krosova ya tairi mbili, haina aibu yoyote, mradi atenge fungu la michango. Na wote watatu, kabla hawajamlipa dalali, wakaikague kilomita yao ya mwisho mwezi Aprili. Mwezi Septemba barabara zote za Dar es Salaam hupitika kwa Vitz.