Pesa ya Bati Imeliwa na Meno

Kabondo, Kisangani

Mama, barua hii naomba Mjomba akusomee, kwa sauti, na asiruke mahali. Nusu yake ni ufundi, na yeye ndiye shahidi wangu.

Huku ughaibuni sijambo. Nasikia binti wa Shangazi anawatangazia majirani kwamba niko "nje" na anangoja picha yangu ya theluji. Mwambieni ikweta iko pua na mdomo na hapa, na koti pekee nililo nalo ni la mvua. Kiswahili kipo tele. Walikuja nacho watu wa Tippu Tip, yule mtu wa kwetu pwani aliyefanywa liwali wa hapa mwaka 1887. Ila kimeishi na Kilingala na Kifaransa siku nyingi, kimeota pembe.

Sasa gari. Asubuhi moja nilipiga stata ikalia wiiii, injini kimya. Nikasukumwa kidogo, likawaka. Mjomba, najua umeshasema: "Stata imekufa, anunue nyingine." Ndivyo alivyosema mtaa mzima, pamoja na mwenye toleka aliyesimamisha baiskeli, abiria wake bado yuko nyuma, ili atoe ushauri. Kijana mmoja tu, fundi wa chini ya mwembe, ndiye aliyekataa. Alilala chini, akachungulia, akasema: "Papa, demarere iko muzuri. Kuroni njo ilikufa."

Mama, kuroni ni ringi gia: pete ya meno, zaidi ya mia, iliyovishwa ukingoni mwa flaiwili, lile sahani zito la chuma nyuma ya injini. Stata ina kigia chenye meno machache kinachochomoza, kinang'ata pete ile na kuizungusha injini. Injini ya silinda nne ukiizima haisimami popote inapotaka. Mgandamizo huirudisha kwenye sehemu mbili zilezile zinazotazamana. Kwa hiyo kila asubuhi hung'atwa meno yaleyale. Ni kama nyumbani kwetu: wa kuchota maji tulikuwa wawili, na waliobaki hata ndoo hawakuijua uzito. Ukilisukuma gari kidogo likiwa kwenye gia, umeleta meno ya wale wavivu mbele ya stata, na gari linawaka.

Pete mpya ilikuwa kisa kingine. Spea za huku hutoka Kampala, soko la Kisekka, kwa lori kupitia Beni, Komanda na msitu wa Ituri. Au hupanda mto Kongo kutoka Kinshasa, kilomita 1,700 hivi, kwa boti isiyo na haraka na mtu. Muuzaji alipokea malipo ya awali akaapa pete iko njiani. Njia ipi, hakusema. Vijana wa mtaa nao wakaanzisha kazi ya kunisukuma, yenye bei yake ya jua, ya mvua, na ya siku niliyovaa suti.

Mwisho fundi akasema hatungoji. Gia boksi ikashuka, klachi ikatoka, flaiwili ikaja mikononi. Akaazima jiko la makaa la mama anayekaanga mikate pale jirani, akaipasha pete moto upesi kabla flaiwili haijapata joto, akaigonga kuzunguka pande zote mpaka ikavuka. Hakuitupa. Aliisugua kwa msasa ing'ae, akairudisha kwenye makaa na kukaa kuitazama rangi. Chuma kilipogeuka manjano ya nyasi kavu, joto limepita kidogo nyuzi 200, akaiinua kwa koleo. Angengoja hadi buluu, meno yangelainika. Akaivisha ikiwa imezungushwa robo duara, ubavu wenye meno yaliyochongwa mshazari ukielekea stata kama mwanzo, meno mazima yakakaa zamu. Mwenye toleka, ambaye sijui anafanya kazi saa ngapi, alitokea na ndoo ya maji ili aipoze. Alifukuzwa na koleo hadi barabarani. Pete hiyo hupoa yenyewe taratibu na kuibana flaiwili. Ukiimwagia maji inaweza kupasuka.

Gari sasa linawaka kwa ufunguo. Hapo ndipo gharama zilipoanza. Fundi alilipwa, ni haki yake. Mama wa mikate alidai fidia kwa kuwa wateja walilalamikia harufu ya grisi. Nikanunua mikate yote, nayo kweli ilinuka grisi. Kisha wakaja wale vijana wasukumaji, wamevaa mashati safi, na msemaji wao akaniuliza kwa adabu kubwa: Papa, umetuua njaa kwa kosa gani? Tulikubaliana kiinua mgongo.

Kwa hiyo, Mama, pesa ya bati haitakuja mwezi huu. Mjomba, mwambie kweli ya Mungu kwamba flaiwili haitoki bila kushusha gia boksi, na gia boksi haishuki bure. Mvua ikiwahi kuliko pesa, Mama ahamie chumbani kwako. Kile nilikiezeka kwanza.

Mwanao