Bata wa Shemeji

Sijapata kumwona mtu aliyekataa hidaya ya shemeji yake akabaki na amani nyumbani mwake. Na kwa sababu hiyo, shemeji yangu alipoazimia kuhamia Dar es Salaam, akaniletea huku shamba, Bumbwini, tenga lenye bata wanne, dume mmoja na majike watatu, niliwapokea kwa shukrani zote zipasazo, nikauliza khabari ya chakula chao tu. Khabari ya miguu yao shemeji hakuitaja.

Walikuwa bata wale wa uso mwekundu wenye vinundu, wasiopiga makelele kama bata wengine, bali dume huhema kwa mkoromo na kusimamisha kishungi akikasirika. Asili yao ni misitu ya Amerika ya Kati na ya Kusini, ambako ndege wa jinsi hii hulala juu ya miti, na kufugwa kwao na wanadamu karne baada ya karne hakukuwaondolea tabia hiyo wala zile kucha kali za kushikia matawi. Basi alfajiri ya kwanza majike walikuwa juu ya paa la jirani, wakiyachambua makuti yake kwa utulivu mkubwa. Na dume, ambaye kwa uzito hukaribia kuwa mara mbili ya jike, amebaki chini akiwatazama kwa jicho la abiria aliyeachwa na dau.

Nasaha zikamiminika. Jirani, ambaye paa lilimpa haki ya kusema kwanza, alisema bata mgeni hufungiwa bandani wiki nzima au mbili, alishwe humo humo jioni, mpaka tumbo lake limfundishe kwao ni wapi. Na huo, nakiri, ndio ushauri wa mtu mwenye akili. Mama mkwe alishikilia kwamba mgeni asiyezungushwa nguzo ya nyumba hashiki kwao, na kwa kuwa mama mkwe habishiwi, nikamkumbatia dume nikamzungusha, na aliyeshikwa na kizunguzungu nikawa mimi. Kijana mmoja akaja na mkasi, akanionyesha jinsi ya kulikunjua bawa moja, moja tu, ili mizani ya kuruka iharibike, na kukata yale manyoya marefu ya ukingoni, akiyaepuka machanga, ambayo bomba lake bado lina damu na hutoka mchirizi likiguswa. Manyoya hayo huota tena ndege abadilishapo manyoya yake, kwa hiyo dawa hii ni ya muda. Lakini kasoro yake kubwa si hiyo: kumkata bata bawa si kumkata safari.

Kwani walipofunguliwa baada ya kifungo chao, na masika yamekwisha shika, wakasikia harufu ya bonde la mpunga wakashika njia kwa miguu, mmoja nyuma ya mwenziwe, kwa mwendo wa watu wanaokwenda kuposa. Na njia ya bondeni, kwa qadari yake Mola, hupita mbele ya msikiti, na mbele ya msikiti lipo birika la kutawadhia, nalo siku ile limejaa pomoni. Wakaingia wote wanne, saa ya alasiri, watu wamekunja mikono ya kanzu.

Niliitwa. Nilimkuta Maalim wetu amepiga magoti ukingoni, maana bata akiwa hai ni tohara, ila kinyesi chake ni najisi. Na katika madhehebu ya Imamu Shafii, maji yaliyofika kulateni hayanajisiki madhali rangi, harufu na ladha yake hazikugeuka, na kulateni kwa chombo cha mraba ni dhiraa moja na robo kwa urefu, kwa upana na kwa kina. Vijana walisema kwamba birika lile hata macho yanaona limepita kipimo hicho. Maalim akajibu kwamba dini haipimwi kwa macho, akazamisha mkono akaanza kupima, kiwiko mpaka ncha ya kidole. Akafika dhiraa ya kwanza salama, na alipokuwa akiitafuta robo, dume likamjia kwa mkoromo likamdonoa kile kidole cha hesabu. Ikabidi aanze upya, upande wa pili.

Kipimo kilipotimia, na kuzidi, zikabaki zile alama tatu. Rangi, wote tuliiona ni ile ile. Harufu, Maalim aliinama akanusa, akatikisa kichwa kwamba hapana kitu. Ladha ikakosa shahidi. Pakawa kimya, kisha jamaa nzima ikageuka kumtazama mwenye bata.

Nikaonja. Yalikuwa maji. Maalim akatoa hukumu ya tohara kwa sauti ya kadhi, kisha akaninong'oneza nikimbie kuleta chicha la nazi, kwa kuwa fatwa haiwatoi bata majini. Na kweli, waliposikia kopo likigongwa, walitoka wakanifuata mpaka bandani, nami nikaikosa rakaa ya kwanza.

Siku hizi hawafunguliwi mpaka alasiri imekwisha saliwa, na jirani ameezeka upya kwa mabati. Maalim naye, kila afikapo na watoto wa chuoni katika mlango wa maji, humtuma mmoja wao aje kuniuliza kama ile ladha ningali naikumbuka.