Sifa za Giza

Wengine na wamsifu mkuu wa chuo, wengine mjomba wa Kinshasa aliyeahidi kitanda. Mimi nalisifu giza, mshauri mkuu wa kijana wa Bangboka, nje ya Kisangani, aliyefaulu mtihani wa taifa na sasa anatafuta pa kusomea uhandisi.

Nasaba yake ni tukufu. Giza la Kisangani si la ufukara. Limezaliwa kando ya maporomoko, kwenye bwawa la Tshopo lililojengwa na Wabelgiji miaka ya 1950 na kuwekewa turbine 3. Lina maji yanayonguruma usiku kucha, lina nguzo, lina nyaya. Ni giza lililokamilika, limekosa umeme tu.

Ukarimu wake hauna mfano. Kijana anapanda pikipiki kilomita 17 hadi mjini kutoa fotokopi za dosye ya kuombea chuo, anakuta mashine imenyamaza. Mwenye duka anatazama jenereta, anataja bei ya mafuta. Kijana anahesabu noti alizopewa na mama, anazikunja tena. Umeme ungekuwepo, dosye ingeshafuata ya wenzake. Giza limemzawadia siku nzima ya kufikiri, bila malipo.

Anaihitaji, kwani nyumbani wazee wameshaamua. Baba anataka Politekiniki ya Kinshasa, kwa ajili ya jina. Yaya, ndugu yake mkubwa, anataka Lubumbashi, karibu na shaba na kobalti. Mchungaji anasema kijana abaki: Chuo Kikuu cha Kisangani kipo tangu 1963. Ni kweli, tena kina madaktari na wanasaikolojia wake, na kwa kilimo kuna Yangambi. Ila mtoto hakuomba kutibu wala kupanda. Ndege za Kinshasa zinapita juu ya paa, lakini nauli yake ni ya watu wengine. Kwa mto ni kilomita kama 1,700, juu ya magunia.

Giza halibishani na wazee. Linangoja saa mbili usiku, kijana ameshika tochi ya simu kwa meno, penseli mkononi, chaji asilimia 9, ndipo linamuuliza: wewe kinachokukera ni nini hasa? Kama ni nguzo hizi, soma umeme. Kama ni matope ya barabara ya Ituri, chuo cha INBTP kule Kinshasa wanafundisha ujenzi. Na huko uendako, transfoma utaifungua kwa mikono, au utaichora ubaoni miaka mitano? Kwenye kikao cha familia hayo hayakuulizwa. Waliulizana nani atampokea bandarini.

Lina kasoro moja tu: linafundisha vizuri kupita kiasi. Wanafunzi wake hodari huondoka wakiwa wameapa kurudi kulimaliza. Lakini giza halina wasiwasi. Linajua kwamba wengi wakishahitimu hupata kazi hukohuko.