Kamati ya Nobel Ilikuwa na Haraka ya Nini?

Mwaka 2019 Tuzo ya Nobel ya Kemia walipewa Goodenough, Whittingham na Yoshino kwa kazi yao ya betri za lithiamu. Kamati ingevuta subira kidogo, ikapanda treni ya SGR hadi Dodoma, ingewakuta mabingwa wenyewe wamepanga tochi juu ya turubai.

Tazama Panasonic. Maabara zote zile, wahandisi wote wale, na betri yao ya NCR18650B, milimita 18 kwa 65, ikaishia mAh 3,400. Maskini. Ya kwetu ina umbo lilelile, na ubavuni imeandikwa 9,900 kwa wino unaobaki vidoleni. Halafu ni nyepesi! Ya Mjapani inakaribia gramu 48. Ya kwetu unaweza kuisahau mfukoni ukaifua na suruali. Wapo wakorofi walioipasua wakakuta unga ndani. Watu wasioheshimu siri za viwanda hawakosekani.

Wengine wanalalamika kwamba tochi huzima kabla mlinzi hajamaliza kuzunguka ghala. Kwani mwizi naye hana haki ya giza?

Nao wanajiolojia wanaohangaika na miamba ya Hombolo kutafuta lithiamu wapumzike, jua la Dodoma ni kali. Betri zetu zimeonyesha kwamba madini hayo si lazima sana.

Dhamana ipo, tena ya maandishi: inadumu mpaka muuzaji akunje turubai.