Baba wa Mbalamwezi

Mimi ni mjomba. Mwenye dada anaijua kazi hiyo: mahari ikiliwa husikii, balaa likija unapigiwa simu wa kwanza. Huu mwezi wa nne naongozana na mpwa wangu, mtoto mgongoni, kumtafutia huyo mtoto baba.

Baba hajapotea. Ni mvuvi wa dagaa, na dagaa wa ziwa letu huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka ndipo kijana anapanda nchi kavu siku chache, kushona nyavu na kukana mtoto. Afisa ustawi wa jamii naye anapanga tarehe kwa kalenda ya ukutani. Kila tukiitwa, mtu yuko visiwani.

Mara moja tu mwezi na serikali vilikubaliana. Jumamosi nilimkuta mwaloni Kirumba, mtoto mabegani, anamtambulisha kwa wachuuzi: “Nahodha wangu huyu!” Jumatatu, mbele ya afisa: “Kwa kweli mjomba, mimi na binti tunafahamiana tu.” Tunafahamiana! Wanasema kitanda hakizai haramu. Nikamuuliza, na mkeka wa kambini je?

Afisa akafungua Sheria ya Mtoto ya 2009. Ombi la kuthibitisha mzazi laweza kupelekwa mahakamani hata mtoto akiwa tumboni, akasema, akinitazama mimi kana kwamba ndimi niliyechelewa. Mahakama hutazama jina kwenye rejista ya vizazi, sherehe ya mila aliyofanya baba, kumtambua mtoto hadharani, na vinasaba. Hadharani! Nikaruka kitini: mwalo mzima ni mashahidi. “Waleteni,” akasema. Haya, nenda wewe kamtoe mchuuzi siku ya jua kali, aache dagaa wake mchangani na kunguru juu, aje kukaa benchi.

Basi tupime. Nilidhani ni kama malaria, unatobolewa kidole unasubiri. Kumbe Mkemia Mkuu wa Serikali hapokei mjomba aliyekuja na hasira zake. Ombi lipitie mahakamani, ustawi wa jamii au kwa wakili. Kijana aliposikia kinachochukuliwa ni ute wa shavuni tu, mdomo ukamkauka palepale.

Mama yangu anatushangaa. Zamani, anasema, mtoto alikombolewa yakaisha. Ni kweli: sheria za mila zilizoandikwa 1963 zilimtaka baba ampe baba wa binti shilingi 100, kabla mtoto hajaachishwa ziwa. Shilingi 100 leo konda wa daladala anakurudishia. Na kwetu mtoto ameshaacha ziwa. Baba ndiye hajaachishwa.

Jana tumepewa tarehe nyingine. Safari hii nimepata akili: kabla ya kumwambia mtu nimepita mwaloni, nikamuuliza mzee mmoja mwenye mtumbwi siku hiyo mwezi utakuwaje. Akahesabu vidole, akacheka.

“Giza totoro, mjomba.”