Hospitali Iliyogeukia Barabara

Mfalme Simba alitaka hospitali inayoonekana tangu barabarani. Mzee Tembo, fundi mkuu, akajenga lango refu la mawe yaliyochongwa na ukumbi wa kukatia utepe. Wodi zikasukumwa nyuma, madirisha yakawa madogo na ya juu.

Wagonjwa walipanga foleni katika ujia mmoja mrefu usiopitisha upepo. Swala aliyekuja na mguu uliovunjika aliketi bega kwa bega na Nyumbu mwenye kifua kikuu. Ugonjwa huo husafiri hewani, na hewa isiyo na pa kutokea huvutwa na kila aliyemo. Mguu ulipopona, Swala akaanza kukohoa. Fisi, mwenyekiti wa kamati ya afya, akaripoti kwamba idadi ya wanaohudumiwa imeongezeka. Akapongezwa.

Sista Kanga wa zamu ya usiku alikuwa akila wali uliopoa ndani ya stoo, amekalia ndoo iliyopinduliwa, madekio yakimdondoshea maji mgongoni. Inauma kulisimulia hili, maana katika kamati nzima hakuna aliyewahi kumuuliza neno.

Ndipo Mbayuwayu akarudi kutoka kaskazini mwa Rwanda.

“Kule Butaro wanadamu walifungua hospitali mwaka 2011,” akasema. “Njia za kupita wameziweka nje, barazani. Dari ziko juu, feni kubwa zinazunguka polepole, hewa chafu inatoka. Vitanda vimeegemea ukuta mfupi wa katikati ya wodi, kwa hiyo kila mgonjwa anatazama dirisha na milima. Hata kuta ni za mawe ya volkano ya hukohuko, yaliyopangwa na mafundi wa hukohuko.”

“Yanang’aa?” Fisi akauliza.

Tembo hakungoja jibu. Aliingia wodini kwa mara ya kwanza tangu alipokabidhi funguo, akalala chali mahali pa Nyumbu, akaona alichokuwa akikiona Nyumbu miezi yote: bomba la maji machafu. Akainuka, akatoka hadi ujiani, akampa Kanga ncha ya kamba ya kupimia.

“Sista, nianzie wapi?”

“Hapa kwenye foleni. Bomoa ukuta huu, watu wapate hewa. Kisha nijengee chumba chenye dirisha, mlango unaofungika na kiti.”

“Ukuta huu ndio uliobeba picha ya mfalme.”

“Najua,” Kanga akasema, akavuta kamba.