Dogo, Kubwa na Lile la Kati

Sisi wa Ibadakuli tumezoea kupitiwa juu. Uwanja wa ndege wa Shinyanga uko kwetu, kituo cha kupoza umeme kiko kwetu. Ndege zinapita juu, nyaya nene zinapita juu, na sisi tuko chini tunasubiri bodaboda. Ndiyo maana siku mkurugenzi wetu alipotangaza kwamba kampuni itanunua gari, hakuna aliyeuliza bei. Tulipiga makofi kwanza.

Kampuni yenyewe ni ndogo. Tunauza pampu za maji, mipira yake na vipuri vyake kwa wachimbaji wa dhahabu, kuanzia wale wa maduara ya Kahama na Katoro mpaka migodi mikubwa ya ukanda wa Geita. Miaka yote pampu zilisafiri kwenye buti la basi, nami afisa ugavi nikisafiri nazo kama mzazi anayempeleka mtoto shule ya bweni: kila kituo nashuka kuhakikisha bado yupo.

“Tunataka gari la kati,” mkurugenzi alisema. “Si dogo, si kubwa.” Akaunda kamati ya watu wanne, akaniteua mwenyekiti, akaondoka kwenda Mwanza. Nilidhani nimepewa heshima. Kumbe nilikuwa nimepewa fumbo: kati ya nini na nini?

Kikao cha kwanza kilifunguliwa kwa sala na kikavurugika kabla ya chai. Mhasibu wetu, dada mpole asiye na ubaya na kiumbe yeyote asiye na tangi, ana swali moja tu kuhusu gari: “Linakunywa?” Kwake magari yote ni walevi, yanatofautiana baa tu. Yeye alitaka IST ya cc 1300. Afisa masoko alitaka Harrier, kwa hoja kwamba mteja akiona Harrier inaingia, anakuheshimu kabla hujafungua mdomo. Mhasibu akamjibu kwamba mteja huyohuyo ataomba punguzo kabla hujaufunga.

Mjumbe wa nne alikuwa dereva, ambaye tunamwita Ngosha kama nusu ya wanaume wa mkoa huu. Alisema neno moja: “Mkonga.” Alimaanisha ile Land Cruiser yenye bomba la hewa lililopanda kando ya kioo mithili ya mkonga wa tembo. Ni gari la ukoo uliozaliwa mwaka 1984 na mpaka leo haujastaafu. Ndilo la polisi, la hospitali, la migodini. Tulipomtajia mhasibu bei yake aliomba maji ya kunywa. Kwenye muhtasari wa kikao niliandika: “Dereva alichangia.”

Mtu mmoja akagusia Probox. Hapo tulicheka wote, kwa sababu huku kwetu Probox ni mchomoko, na mchomoko hubeba idadi ya abiria ambayo sitaiandika hapa, maana trafiki nao wanasoma. Isitoshe, tungeegesha mbele ya ofisi Probox yetu na kila asubuhi tungekuta watu wanne wamekwisha kaa ndani wanauliza tunaondoka saa ngapi.

Leo nikikumbuka, lugha yenyewe ilikuwa inatuonya. Kiswahili kimeyapa majina magari yote yenye msimamo. Kubwa la waheshimiwa ni shangingi, jina waliloazimwa wanawake wajuvi wa mjini bila kuulizwa. La porini ni mkonga. La kubanana ni mchomoko. Dar es Salaam waliwahi kuwa na vipanya. Lakini gari la kati halina jina. Waswahili wanaoweza kukipa jina hata kijiti cha kuchokolea meno wameliangalia gari la kati, wakapita kimya.

Sisi hatukupita. Tulikaa vikao sita. Tukaandika vigezo 14, kuanzia buti la kutosha pampu mbili hadi rangi isiyoonyesha vumbi. Kisha tukaingia kwenye hesabu za TRA, na hapo ndipo nilipojifunza kwamba Serikali nayo ina maoni yake kuhusu ukubwa. Ushuru wa forodha asilimia 25, VAT asilimia 18, haya ni ya kila mtu. Lakini ushuru wa bidhaa unapima injini: isiyozidi cc 1000 inasamehewa, kutoka hapo hadi 2000 ni asilimia 5, ikivuka 2000 ni asilimia 10. Na gari lililozidi miaka 10 linaongezewa asilimia 30 kwa uzee, jambo ambalo mlinzi wetu, mzee wa miaka 67, alilichukulia kama tusi la moja kwa moja.

Tukapata la cc 1998. Mbili tu chini ya mpaka! Cc mbili hazijai hata nusu ya kijiko cha chai, lakini mhasibu alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu bajeti ya mwaka. Akazidi kutabasamu aliposikia linavuta kwa magurudumu ya mbele tu, maana yale ya kuvuta kwa yote manne, alisema, yanakunywa kwa midomo minne. Tukapitisha kwa kauli moja. Chapa ya gari sitaitaja, kwa sababu yote yatakayofuata halikuwa kosa la gari.

Lilikuja kutoka Japani kupitia Dar es Salaam, jeupe, safi, lenye mwanamke ndani. Kila ukiwasha injini, mwanamke huyo anasema sentensi ndefu ya Kijapani kwa adabu kubwa, halafu ananyamaza. Ngosha, aliyelelewa vizuri, alikuwa akimjibu kila asubuhi: “Mwangaluka, mayu.” Redio nayo ilikuwa ya kwao: mawimbi yanaanzia 76 na kuishia 90, na kwa kuwa vituo vyetu vingi viko juu ya hapo, tulibaki na ukimya na yule mama.

Jaribio la barabarani nililisimamia mwenyewe. Tulikwenda Maganzo na kurudi, mpaka karibu na Mwadui, pale Dakta John Williamson alipogundua almasi mwaka 1940 bila kamati yoyote. Gari lilitulia barabarani kama maji mtungini. Hakuna hata mmoja wetu aliyesema kwa sauti kwamba barabara ya Maganzo ni lami tupu. Kumpima mchumba siku ya harusi ya dada yake, amevaa vizuri na ndugu wote wapo, ndiko tulikokuwa tumefanya.

Swali la ukubwa lilianza kwa waosha magari wa mjini. Ubao wao ulisema: gari dogo elfu tatu, kubwa elfu tano. Nikasema letu ni dogo. Kijana akalizunguka, akafungua buti, akasema mlango wa nyuma kama huu ni wa gari kubwa. Nikamweleza kwamba ni la kati, limepitishwa na kamati. Tukakubaliana elfu nne. Aliliosha vizuri sana, isipokuwa matairi mawili.

Wiki iliyofuata, mwezi wa tatu, mvua zikiwa zimechanganya, tukapakia pampu mbili kwenda mgodi mmoja mkubwa. Nilivaa shati la kola. Tulifika getini asubuhi, tukapuliza kile kipimo cha pombe, nikatoa karatasi za mzigo. Mlinzi akaziangalia, akaliangalia gari, akaangalia juu ya gari.

“Bendera yenu iko wapi?”

Nikadhani anauliza uraia. Kumbe gari linaloingia eneo la uchimbaji linatakiwa liwe na mlingoti mrefu wenye bendera, kimulimuli juu ya paa, vizuizi vya kuwekea magurudumu, na livute kwa magurudumu yote manne. Sababu yake ukiielewa huwezi kubisha. Kule ndani kuna malori ya kubeba mawe, mengine tani zaidi ya 100 kwa safari moja, na dereva wake amekaa juu kama ghorofani. Gari lenu likiwa karibu na tairi lake yeye halioni. Anachoona ni bendera. Bila bendera, ninyi ni changarawe.

“Gari dogo kama hili haliingii,” mlinzi alisema kwa upole.

“Hili si dogo, kaka. Ni la kati.”

“Kati ya nini?”

Miezi mitatu, vikao sita, vigezo 14, na mlinzi wa getini ameuliza swali la kamati kwa sekunde moja. Kibaya zaidi, geti lile si geni kwangu. Nimelipita mara nyingi nikiwa nimepewa lifti kwenye magari ya wenzetu wenye zabuni, na yote, sasa nakumbuka, yalikuwa na mlingoti. Ila mimi nikikaa kwenye gari la mtu napitiwa na usingizi kuanzia Isaka. Nilimgeukia Ngosha.

“Wewe ulikuwa unajua?”

“Bosi,” alisema, macho mbele, “mimi nilichangia.”

Pampu zilihamishiwa kwenye gari la mgodi, lile lenye mkonga, zikaingia bila sisi. Tukageuza. Na safari ingeishia hapo kwa aibu ya kawaida tu, kama mkurugenzi asingepiga simu tukiwa Kahama. Mama mkwe wake ana magunia mawili ya mchele kijijini, ndani kidogo kutoka Tinde, na kwa kuwa gari liko tupu…

Sasa, mchele hauoti kwenye lami. Mtalii akisikia neno mbuga anamwaza simba. Msukuma akisikia mbuga anawaza udongo mweusi wa bondeni, ule unaokusanya maji ya majaruba na kuupa mpunga wetu sifa. Wakati wa kiangazi unapasuka nyufa za kumeza mguu wa mbuzi. Wakati wa mvua unageuka kuwa kitu ambacho si ardhi na si maji. Ni cha kati.

Tulifika, tukapewa mchele, tukapewa na michembe ya njiani, tukabarikiwa. Mita kama 300 baada ya baraka, gari likatua. Ngosha alikanyaga moto, magurudumu ya mbele yakachimba kama mchimbaji aliyeona mkanda wa dhahabu. Akazima. Kisha akashuka, akaenda kwenye mti wa pembeni, akakata matawi mawili yenye majani, akaja kuyapanga nyuma ya gari kama sheria ya Tanzania isiyoandikwa inavyotaka. Upepo ukayapeperusha. Nikayatazama kwa uchungu. Bendera tuliyokosa getini tulikuwa tumeipata.

Baada ya nusu saa akatokea mtoto wa kiume, miaka kama 12, na maksai wanne. Hakuja kwa bahati. Mtu anayelala karibu na tope kama lile anajua sauti ya injini inayolia, kama daktari anavyojua kikohozi.

“Shikamooni.”

“Marahaba, mwanangu. Tusaidie.”

“Gari dogo elfu kumi na tano, kubwa elfu thelathini,” alisema bila kupepesa. “Hili lenu ni lipi?”

Miezi mitatu nilikuwa nimelitetea neno moja. Nililitetea kwa mhasibu, kwa waosha magari, kwa mlinzi mwenye redio ya upepo. Pale topeni, suruali imepanda magotini, nililikana bila hata jogoo kuwika.

“Dogo,” nikasema. “Dogo kabisa. Cc 1998.”

Mtoto alilitazama gari, akatazama tope lilipofika, akaanza kufungua mnyororo.

“Likikwama ni kubwa,” akasema.

Hapo Ngosha alijaribu kuwasha ili amsaidie, na yule mama wa Kijapani akatoa sentensi yake, kwa sauti wazi, katikati ya mbuga. Mtoto akaruka nyuma. Maksai wakasimamisha masikio.

“Mmemwacha nani humo ndani?”

Nilikuja kujua baadaye, kwa fundi mmoja anayeyajua magari hayo, maana ya maneno ya yule mama. Alikuwa anatukumbusha kila siku, kwa heshima zote, kwamba kadi ya kulipia barabara ya mwendo kasi haijachomekwa.

Maksai walitutoa kwa mkupuo mmoja, bila kelele, bila moshi. Nililipa elfu thelathini. Nilipoomba risiti, mtoto aliniangalia kwa huruma ile ambayo mlinzi alikuwa ameanza nayo.

Kesho yake nilijaza fomu ya marejesho. Kwenye “huduma” niliandika: kukokota gari. Kwenye “aina ya chombo” nikaandika: maksai wanne. Mhasibu aliisoma, akavua miwani, akaifuta, akasoma tena. Nilijiandaa kwa hotuba ya risiti ya EFD. Haikuja.

“Hao wanne,” aliuliza taratibu, “wanakunywa?”

“Maji tu, dada. Na majani ya pembeni.”

Alinyamaza muda mrefu, kalamu ikigonga meza. Kisha akatia saini.

“Kikao kijacho,” akasema, “tuanzie hapo.”